Mashua ya matanga, siku nne za injini: jibu kwa mama wa Nakuru

Swali: "Mimi na mume wangu tulikodi mashua ya matanga ya mita tisa pamoja na nahodha wake, siku nne za likizo ya Aprili, kutoka Kisumu hadi Mbita na visiwa vya Takawiri na Mfangano, kisha kurudi. Tulilipa shilingi 140,000, na mwishoni tukadaiwa lita 120 za dizeli juu yake. Watoto wetu watatu walikuwa wakiingoja safari hii tangu Krismasi. Siku ya kwanza gugumaji lilituzuia gatini saa mbili nzima, tukaondoka saa nne asubuhi, tukaingia Mbita magharibi. Tanga lilitwekwa siku ya pili tu, kwa muda usiotimia saa moja. Lilikuwa na viraka, na kwenye mishono mwanga ulipita. Muda mwingine wote ni injini. Siku ya tatu nahodha alikataa kutupeleka Mfangano, ilhali jua linawaka, wala hakutueleza kwa nini. Tukashinda Takawiri. Aliwakataza watoto kuogelea (waliogelea jioni alipokwenda zake), akala chakula chetu, choo kilinuka, jaketi za kuokolea maisha zilikuwa za watu wazima isipokuwa moja, na siku ya mwisho alituondoa saa moja asubuhi akatufikisha Kisumu saa kumi, simu sikioni, akiwaahidi wateja wengine. Mwanangu wa pili alimuuliza mlingoti ni wa nini. Hakujibiwa. Mume wangu anataka turudishiwe pesa zote. Tulitapeliwa, au ndivyo ziwa lilivyo?"

Dada yangu, pole sana. Nimeongoza vyombo katika Ghuba ya Winam, mkono wa Ziwa Viktoria unaofika Kisumu, miaka ishirini na mitatu, vingi vikiwa vya watu wa likizo kama ninyi, na barua yako nimeisoma mara tatu kabla ya kuijibu. Ziwa halikuwatapeli. Nahodha naye hakukosea pale mnapodhani alikosea zaidi. Alikosea kwingine, na mwenye chombo alikosea kumzidi. Kwa hiyo dai la pesa zote litawashinda, lakini mnalo dai jingine, na ni la haki.

Naanza na jaketi. Umezitaja baada ya choo na kabla ya simu, kwa maneno machache, kana kwamba ni jambo dogo kuliko tanga. Si dogo hata kidogo. Mtoto aliyevaa jaketi ya mtu mzima akianguka majini, jaketi hupanda na yeye hushuka. Humtoka kichwani, au humziba uso asiweze kupumua. Jaketi ya mtoto huandikwa ni ya uzani gani, na ya mtoto mdogo huwa na mkanda unaopita katikati ya miguu ili isimpande. Kila aliyemo chomboni anatakiwa awe na jaketi inayomfaa mwili wake, na KMA, mamlaka inayosimamia usalama wa vyombo vya majini nchini, ina ofisi hapo hapo Kisumu kwa ajili ya mambo kama hayo. Watoto watatu wakikuta jaketi moja ya mtoto, safari inakomea gatini, hata mizigo haijapakiwa. Nahodha aliyeng'oa nanga namna ile alikosa, hata kama ziwa lingelala shwari siku zote nne. Ningekuwa mumeo, hasira yangu ningeianzia hapo.

Sasa tanga, ambalo ndilo lililowaumiza.

Upepo wa ghuba yetu una saa zake. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, na hewa yake, ikiwa baridi na nzito, huteremka kutoka upande wa milima ya Nandi ikapita Kano na kutelezea ziwani. Kwa hiyo tangu usiku wa manane hadi alfajiri upepo hutoka mashariki kwenda nje. Watu wa pwani huita upepo wa namna hiyo umande, na wavuvi wa huku, hata kabla ya injini kufika, walitegemea huo kuwatoa kwenda kuvua. Jua linapochomoza, kwenye saa kumi na mbili na nusu, upepo unaanza kulegea. Saa tatu, saa nne hivi, umekufa. Kutoka hapo hadi karibu adhuhuri moshi wa majiko ya Dunga hupanda wima, na tanga lolote ghubani hunyauka kwenye mlingoti wake. Kisha nchi ikishapata joto, hewa yake hupanda, na hewa ya ziwani huja kushika nafasi. Saa saba au saa nane mchana upepo wa magharibi huingia kwenye mlango wa ghuba, hukaza, huvuma mpaka jioni. Ndio uliokuwa ukiwarudisha wavuvi nyumbani.

Hali hiyo haifuati kalenda kwa usahihi. Siku ya mvua huvuruga kila kitu. Lakini ukikaa hapa mwaka mmoja utaizoea kama unavyozoea adhana au kengele ya shule.

Tazama sasa safari yenu. Mliondoka saa nne asubuhi. Upepo wa kuwapeleka ulikuwa umekufa, na uliokuwa ukija ulitoka kule kule mnakoelekea. Toka Kisumu hadi Mbita kwa maji ni takribani kilomita 70. Mashua kama ile huenda kama kilomita tisa kwa saa, basi ni saa nane ikinyoosha. Na hakuna tanga linalonyoosha dhidi ya upepo wa omo, yaani unaovuma kutoka mbele. Itabidi mwende kwa bisha, mara mnaelekea upande wa Asembo, mara upande wa Kendu Bay, na njia hurefuka karibu nusu yake tena. Ghuba yetu tena ni ya maji mafupi, na mawimbi ya maji mafupi husimama, hukaribiana, hupiga. Watoto wangetapika tangu saa nane. Mngefika Mbita usiku mkubwa, mkipita kati ya nyavu zilizotegwa na mitumbwi ya omena na taa zake. Wavu ukijisokota kwenye rafadha, panga la injini, gizani, umekwama hapo mpaka kuche, na mwenye wavu naye umemharibia riziki. Nahodha mwenye akili hapeleki familia huko.

Kwa hiyo injini ya siku ya kwanza ilikuwa halali. Kilichoharibika ni ratiba, na ratiba haiandikwi na nahodha, huandikwa na anayeuza safari. Mtu wa siku nne, mwenye watoto, hapaswi kuanzia Kisumu. Siku ya kwanza inaliwa na ghuba, ya nne inaliwa na ghuba, zimebaki mbili. Angewaambia: njooni na gari lenu toka Nakuru, pitieni Kericho na Ahero, mshike Katito, Kendu Bay, Homa Bay, mlale Mbita, mashua itawakuta hapo. Au mvuke kwa feri ya Luanda Kotieno. Siku zote nne mngekuwa visiwani, ambako mwendo wa siku nzima ni mfupi na upepo wa alasiri hauna haja ya kupigwa bisha kwa muda wa saa kumi na mbili. Hilo linamgharimu mwenye chombo siku moja ya kuipeleka mashua Mbita bila abiria na siku nyingine ya kuirudisha. Nadhani ndiyo sababu hakuwaambia.

Siku ya pili sina mengi. Takawiri si mbali na Mbita, na chini ya saa moja ya tanga ni kidogo lakini si kashfa. Ila uliloliona kwenye mishono ndilo lililonikalisha wima. Nguo za matanga ya siku hizi huliwa na jua, na hapa tupo karibu kabisa na ikweta. Uzi wa mishono huoza kabla ya nguo yenyewe. Tanga linalofunikwa vizuri kila jioni huishi miaka. Linaloachwa wazi kwenye foromali, mti unaobeba tanga, msimu kwa msimu, huanza kupitisha mwanga mishononi kama ulivyoona. Tanga la hivyo huwezi kulitweka katika upepo wa kweli, maana litapasuka. Unalitweka upepo ukiwa hafifu, dakika arobaini, wateja wapige picha, kisha unalishusha. Liweke akilini hilo, tutalirudia tukifika siku ya nne.

Siku ya tatu mnamlaumu bure, na nitamtetea hata mumeo akikasirika.

Ziwa hili lina ukubwa wa kilomita za mraba kama 68,000, liko juu ya mwinuko wa mita 1,134, na hujitengenezea hali yake ya hewa. Wakati wa masika, mawingu ya radi huiva juu ya maji usiku na kupambazuka huku ninyi mkiwa mmelala chini ya nyota. Alasiri huhamia nchi kavu upande wa mashariki, ndipo Kisumu na Kericho hupigwa na mvua ya mawe. Mkiwa ghubani mmezungukwa na nchi. Ukishatoka Takawiri kuelekea Mfangano, ziwa lote liko wazi mbele yako hadi Uganda na Tanzania. Wingu la radi linapoangusha mvua, hewa baridi huanguka nayo, hugonga maji na kutawanyika mbele kwa kasi. Upepo huo hukufikia kabla ya tone la kwanza, wingu likiwa bado mbali, wewe ukiwa juani. Ninyi mlitazama juu mkaona buluu. Yeye, nina hakika, alikuwa akitazama ukanda wa weusi uliolala chini kabisa, pale ziwa na mbingu vinapokutana.

Najua kwa sababu mimi nililiona wingu hilo nikalipuuza. Ulikuwa mwaka wangu wa tatu kazini. Wageni wanne, wamelipa, wananihimiza, jua kali, na mimi kijana sitaki kuonekana mwoga. Tulikuwa tumeshaipita Takawiri upepo ulipotukuta, tanga kubwa likiwa juu lote. Mashua ililala ubavu mpaka maji yakaja juu ya ukingo, na kamba ya tanga ikawa imekaza hivi kwamba haikufunguka kwa mkono. Niliikata kwa kisu. Mama mmoja alirushwa akavunjika mkono. Tulirudi Mbita kimya, na mume wa yule mama hakunitukana, jambo ambalo lilikuwa zito kuliko kutukanwa. Tangu siku hiyo sijawahi kuona haya kumwambia mteja hapana.

Kwenye usalama, neno la nahodha ni la mwisho, popote duniani, hata awe amekodiwa na rais. Unapokodi chombo pamoja na nahodha unapata haki ya kusema mnataka kwenda wapi, mle saa ngapi, mtie nanga ufuo gani. Kama chombo kitatoka au hakitatoka, huna kura. Mkatae nahodha anayekubali kila kitu.

Lakini alinyamaza, na hapo ndipo alipowaharibia likizo. Nahodha wa watu wa likizo hulipwa kwa kazi mbili: kuongoza na kueleza. Ingemchukua dakika mbili kumwita mumeo omoni, kumnyooshea kidole ule ukanda mweusi, akamwambia, "Mzee, lile likitufikia nje tumeumia, tungoje hadi alasiri tuone." Mumeo angeudhika kidogo, kisha angelala akijua watoto wake wako mikononi mwa mtu. Badala yake mmekaa siku nzima Takawiri mkihesabu pesa. Manahodha tunaipenda mno ile methali ya "manahodha wengi, chombo huenda mrama." Nayo ni kweli, lakini inasema anayeamua awe mmoja. Kuambiwa, kila aliyemo ana haki ya kuambiwa.

Tena angekuwa na mpango wa pili. Mfangano ikifungwa, kisiwa cha Rusinga kipo nyuma yenu, karibu na bara, na hali ikitulia alasiri mngevuka. Kaburi la Tom Mboya liko pale, na watoto wa shule wa Kenya wanamsoma kitabuni. Wenu wangeliona kwa macho yao. Michoro ya kale ya mwambani kule Mfangano ingengoja mwaka mwingine.

Siku ya nne ndiyo inayonichoma. Mliondoka Takawiri saa moja asubuhi na kufika Kisumu saa kumi. Hesabu mwenyewe: kufika saa saba mchana mmeshaipita nusu ya ghuba, Mlima Homa uko mkono wa kulia, na upepo wa magharibi unawajia tezini, yaani kwa nyuma. Hiyo ndiyo zawadi ya ghuba hii. Mashua hainami, haipigi, watoto wanakaa omoni miguu ikining'inia ndani ya ukingo, na unasikia maji tu yakipasuka chini. Upepo wa tezi wa alasiri unaipeleka mashua ya mita tisa kwa mwendo ule ule wa injini, au zaidi. Angetweka saa saba, asingechelewa wateja wake hata kwa robo saa. Saa tatu za tanga, bure, bila tone la dizeli, ndizo mlizokuwa mmezilipia, na hakuzitoa.

Kwa nini? Rudi kwenye mishono. Nahodha asiyetweka tanga katika upepo kama ule, safari ikiwa imeuzwa kwa jina la matanga, ama amechoka, ama anajua tanga lake halitastahimili. Kwa uliyoyaeleza, mimi nashika la pili. Alikuwa akiongoza mashua yenye mlingoti wa mapambo, na aibu ya kulisema hilo ndiyo iliyomfunga mdomo siku nne. Simsamehei, ila namwelewa. Kosa la tanga bovu ni la mwenye chombo.

Mengine nitayapitia haraka. Gugumaji si la mtu. Limekuwa nasi tangu mwanzo wa miaka ya 1990. Upepo wa alasiri hulisukuma na kulirundika kwenye kona ya Kisumu, upepo wa usiku hulilegeza. Kulipenya kwa nguvu ni kuziba njia ya maji ya kupoza injini, basi alingoja, na alifanya vyema. Chakula: nahodha anayelala chomboni hulishwa na aliyekodi, ni desturi hapa na pwani na hata ng'ambo, isipokuwa mmeafikiana posho. Mwenye chombo alipaswa kuwaambia mapema mpike cha watu sita. Choo kinachonuka tangu siku ya kwanza hakikusafishwa na waliowatangulia. Andikeni, lakini msikifanye kichwa cha barua.

Kuogelea, hapana, hilo si la haraka. Alikuwa na sababu nzuri, na akanyamaza tena. Kwenye maji mafupi yenye nyasi kandokando ya visiwa hukaa konokono wanaobeba kichocho, na ufuo kuwa na mchanga mzuri hauwafukuzi. Umesema watoto waliogelea jioni alipokwenda zake. Usiogope, ila wapeleke wapimwe wiki sita hadi nane baada ya siku ile. Mapema kuliko hapo kipimo huweza kisione kitu. Mwambie daktari waziwazi kwamba waliogelea Ziwa Viktoria. Dawa yake ipo, inajulikana, na haina usumbufu mkubwa.

Tuje kwenye pesa. Kwa hesabu yangu injini ilifanya kazi saa tisa hivi siku ya kwanza, mbili siku ya pili, na tisa siku ya nne. Tuongeze moja ya siku ya tatu ya kuchaji betri na friji. Zote 21. Dizeli ya injini ndogo ya mashua kama ile, kwa mwendo wa kawaida, ni lita mbili hadi tatu kwa saa. Nimpendelee nimpe nne kwa saa zote: ni lita 84. Mlidaiwa 120. Lita 36 hazina maelezo, nazo mzidai kwa bei mliyotozwa. Injini za ndani nyingi zina mita inayohesabu saa za kazi. Mwombeni awaonyeshe kumbukumbu yake, na akikosa, hesabu yenu isimame. Pili, siku ya nne: robo ya 140,000 ni 35,000. Huduma mliyouziwa siku hiyo ingewezekana, upepo upo, muda upo, na haikutolewa kwa sababu ya chombo chake au wateja wake wengine. Hapo ningesimama. Siku ya kwanza na ya tatu msizidai. Mkizidai, atamwita nahodha yeyote wa Kisumu aje kusema niliyoyasema mimi hapa, na dai zuri litazama pamoja na baya.

Mwandikieni mwenye chombo barua, mumpe siku 14. Ambatisheni ujumbe wa M-Pesa, lile tangazo alilowatumia lenye picha ya mashua ikiwa na matanga wazi, picha zenu zenye saa, na bili ya mafuta. Tajeni kifungu cha 46 cha Katiba, kinachompa mlaji haki ya huduma ya ubora unaofaa, habari za kutosha, na fidia anapopata hasara. Asipojibu, ipo Mahakama ya Madai Madogo: husikiliza madai ya hadi shilingi milioni moja, haikulazimishi kuwa na wakili, na sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60. Kando ya hayo, andikeni kuhusu jaketi kwa KMA, barua fupi ya peke yake, isiyotaja pesa wala choo. Hiyo itumeni hata mkirudishiwa kila senti, maana Agosti kuna familia nyingine itakayopanda mashua ile.

Akiwapa safari ya bure badala ya pesa, msikubali mpaka alitweke tanga jipya mbele yenu pale gatini na kuzitandaza jaketi tatu za watoto.

Umeuliza, ingawa hukuandika kwa maneno hayo, kama mrudi tena ziwani. Mrudi. Nendeni Januari au Februari, mvua zikiwa chache. Anzieni Mbita. Ondokeni jua likichomoza ili mpate mkia wa upepo wa usiku, tieni nanga saa nne, pikeni ngege, laleni kidogo, kisha twekeni saa nane na muwe mmefunga kabla ya saa kumi na mbili. Kabla ya kulipa, mpigieni nahodha mwenyewe, si mwenye chombo, mumuulize upepo wa huko hutoka wapi asubuhi na wapi jioni. Anayewajibu kwa dakika kumi bila kuchoka ndiye wenu. Anayesema "msijali, mtafurahia," tafuteni mwingine.

Na yule mwanao wa pili. Jumamosi moja mlete Kisumu, hata kwa matatu, mfike ufuo wa Dunga saa tisa alasiri. Bado wapo wavuvi wanaorudi kwa tanga, mengine yameshonwa kwa magunia, mtumbwi umejaa, mtu mmoja ameshika usukani na mwenzake amekalia ukingo wa pili kuuweka sawa. Upepo utakuwa unawapiga usoni ninyi mlio nchi kavu na unawasukuma wao mgongoni. Watalishusha tanga wakiwa wamebakiza hatua chache, mtumbwi uje wenyewe mpaka mchangani. Mwache aende auguse ule mlingoti, na amuulize mwenyewe mvuvi ni wa nini. Hao hujibu.